Kunoa picha bila kuiharibu: kutoka faili la RAW hadi karatasi ya A4

Picha nitakayoifanyia kazi hapa ni ya mlango wa kuchonga, Mji Mkongwe, Zanzibar. Mlango ni wa mbao nzito, njumu za shaba zimepangwa safu kwa safu, na mfaa wa katikati umechongwa maua madogo madogo kutoka juu hadi chini. Pembeni yake, barazani, amekaa mzee aliyevaa kofia ya viua. Nyuma yake ni ukuta wa chokaa iliyobabuka. Nimeichagua picha hii kwa sababu ina kila kitu kinachomsumbua mtu anayenoa picha: shaba inayong'aa, mbao yenye nyuzi, ngozi ya binadamu, ushonaji wa kofia, na ukuta usio na kitu. Kila kimoja kinataka mkono wake, na makosa mengi ninayoyaona yanatokana na kuvitendea vyote sawasawa.

Fundi anayenoa kisu haongezi chuma. Na wewe ukinoa picha huongezi hata punje moja ya kitu ambacho kamera haikukiona. Unachofanya ni kuukaza ukingo uliopo, mahali giza linapokutana na mwanga, ili jicho liushike haraka. Ukilielewa hili mapema utaacha kuvuta vitelezi, vile vidude vya programu vya kuongeza na kupunguza, hadi mwisho ukingoja muujiza.

Kinachotokea ndani ya picha

Tusogee karibu kabisa, mpaka kwenye pikseli sita (pikseli ni kidoti kimoja kati ya vinavyounda picha) zilizo mstari mmoja pale njumu inapokutana na mbao. Mwanga wa pikseli hupimwa kutoka 0, yaani giza tupu, hadi 255, yaani weupe mtupu. Tuseme mbao ina 60 na shaba ina 180:

60 – 60 – 60 – 180 – 180 – 180

Programu kwanza inatengeneza nakala iliyofifishwa. Kila pikseli inapewa wastani wake na wa jirani zake wawili:

60 – 60 – 100 – 140 – 180 – 180

Kisha inalinganisha picha halisi na nakala hiyo. Mbali na ukingo hakuna tofauti. Kwenye ukingo, upande wa mbao picha halisi imepungua 40, na upande wa shaba imezidi 40. Programu inachukua sehemu ya tofauti hiyo, tuseme nusu, na kuirudishia picha halisi:

60 – 60 – 40 – 200 – 180 – 180

Tazama kilichotokea. Pikseli ya mbao iliyogusana na shaba imekuwa nyeusi zaidi, na ya shaba iliyogusana na mbao imekuwa nyeupe zaidi. Zilizobaki hazikuguswa. Jicho linapita hapo na kusema njumu imekaa vizuri, imejitenga na ubao.

Njia hii ni ya zamani kuliko kompyuta. Enzi za filamu, mafundi wa chumba cha giza walitengeneza nakala ya negativu iliyofifishwa makusudi, wakaipandisha juu ya negativu yenyewe, kisha wakachapa. Ndiyo maana mpaka leo kifaa cha kunoa kinaitwa "Unsharp Mask", jina linalowachanganya wengi kwa sababu linataja ukungu. Ukungu huo ni ule wa nakala.

Hesabu hiyo ndogo ndiyo inayoeleza vitelezi vikuu utakavyokutana navyo. "Amount" ni ile nusu: kiasi cha tofauti unachorudisha. "Radius" ni upana wa kufifisha, yaani jirani wangapi wanaingia kwenye wastani. Ukiipandisha, mstari mweusi na mweupe kwenye ukingo unanenepa. "Threshold" inaiambia programu isijali tofauti ndogo, mfano ukuta uliobadilika kutoka 120 hadi 123. Ukipita kiasi, ule upande mweupe wa ukingo unaonekana kwa macho kama uzi mweupe unaozunguka kitu. Uzi huo ndio adui wetu katika mwongozo huu wote.

Kwa nini basi picha ya dijitali inahitaji kunolewa hata kama lenzi ni nzuri na fokasi imekaa? Kihisi cha kamera nyingi, yaani sehemu inayopokea mwanga, hakioni rangi zote kila mahali. Mwaka 1976 Bryce Bayer wa Kodak alipata hataza ya mpangilio ambao bado unatumika: nusu ya vijicho vya kihisi vinaona kijani tu, robo nyekundu, robo buluu. Rangi zinazokosekana programu inazikadiria kutoka kwa majirani, na makadirio hayo yanalainisha kingo. Kamera nyingi pia zina kichujio mbele ya kihisi kinacholainisha kidogo ili vitambaa vyenye mistari myembamba visitoe mawimbi ya ajabu. Kwa hiyo faili la RAW, yaani data ya kihisi kabla kamera haijaitengeneza picha, likitoka laini usishtuke, ndivyo lilivyo.

Hatua ya kwanza: kagua kabla ya kunoa

Fungua picha, ikuze hadi asilimia 100, yaani pikseli moja ya picha kwa pikseli moja ya skrini. Usikague kwa 50 wala kwa 300. Kisha jiulize ukungu huu umetoka wapi.

Kama kila kitu kimeburuzika upande mmoja, vimistari vyote vikielekea njia moja, mkono ulitikisika. Kunoa kutasaidia kidogo sana. Kama sikio la mzee limekaza lakini macho yamelegea, fokasi ilianguka nyuma, na hapo hakuna kitelezi kitakachokuokoa. Tafuta picha nyingine katika zile ulizopiga. Kama picha nzima ina kama moshi na rangi zimepauka, angalia lenzi. Huku Pwani ukitoka na kamera kwenye chumba au gari lenye kiyoyozi, lenzi inashika mvuke papo hapo. Iache ndani ya begi lililofungwa nusu saa izoee joto kabla ya kuitoa.

Nakaa sana kwenye hatua hii kwa sababu picha nyingi ninazoletewa "zinolewe" hazikuhitaji kunolewa. Zilihitaji spidi, yaani shata ya kamera ifunguke kwa muda mfupi zaidi. Kanuni ya zamani inasema spidi isiwe chini ya moja juu ya urefu wa lenzi: lenzi ya milimita 50 kwa spidi ya 1/50 ya sekunde, ya 200 kwa 1/200. Mimi naizidisha mara mbili, maana vihisi vya leo vyenye pikseli milioni 24 vinaonyesha mtikisiko ambao filamu ingeusamehe. Na usifunge tundu la lenzi hadi f/22 ukidhani utapata ukali zaidi. Mwanga unapopita kwenye tundu dogo unatawanyika na picha nzima inalegea. Kwa mlango huu nilitumia f/8.

Hatua ya pili: ondoa chenga

Kunoa hakujui tofauti ya uzi wa mbao na chenga, vile vidoti vya ovyo vinavyotokea ukipandisha ISO, yaani wepesi wa kamera kuhisi mwanga. Vyote kwake ni kingo. Kwa hiyo punguza chenga kwanza, hasa chenga za rangi, zile doti nyekundu na kijani kwenye vivuli. Chenga za mwanga ziache kiasi. Picha isiyo na chembe hata moja inaonekana kama plastiki, na ukichapa, chembe kidogo ndiyo inayoipa ngozi uhai.

Hatua ya tatu: kunoa kwa mwanzo

Bruce Fraser, mwandishi wa vitabu vya kuhariri picha aliyefariki mwaka 2006, ndiye aliyelieneza wazo la kunoa kwa awamu tatu: mara moja kurudisha kilichopotea kwenye kihisi, mara ya pili kwa sehemu unayotaka itazamwe, mara ya tatu kwa ajili ya karatasi au skrini picha itakapokwenda. Kila awamu ni ndogo. Nilipoanza kufuata utaratibu huu niliacha kuharibu picha.

Awamu ya kwanza nafanya kwenye faili la RAW. Kwa Lightroom, programu ya kulipia ya kuhariri picha, nenda kwenye "Detail". Utakuta imeshajiwekea "Amount" 40, "Radius" 1.0, "Detail" 25 na "Masking" 0. Kwa mlango wetu nilishusha "Radius" hadi 0.8, kwa sababu nyuzi za mbao na maua ya mfaa ni membamba. "Amount" nikaipandisha hadi 55 na "Detail", inayoamua vitu vidogo vidogo vinolewe kiasi gani, hadi 35. Kama picha ingekuwa ya uso peke yake ningefanya kinyume: "Radius" 1.3, "Detail" 10.

Sasa sehemu ambayo wengi wanairuka. Bonyeza na ushikilie Alt, au Option kama unatumia Mac, huku ukivuta "Masking". Picha inageuka nyeusi na nyeupe. Palipo peupe patanolewa, palipo peusi pataachwa. Ikiwa sifuri, skrini nzima ni nyeupe. Vuta polepole. Kwanza anga na ukuta vinaanza kuwa vyeusi. Ukifika 30 hivi, ukuta wa chokaa umebaki na nyufa zake tu. Ukifika 45, mashavu ya mzee yamekuwa meusi, lakini kope, miwani, ukingo wa kofia na kila njumu bado vinawaka. Nikaachia hapo. Ukiona ukuta mtupu au shavu bado jeupe, bado hujamaliza.

Asiye na Lightroom asikate tamaa. RawTherapee na darktable ni za bure na zinafungua RAW. RawTherapee ina njia nyingine ya kunoa inayoitwa Richardson–Lucy, kwa majina ya wanasayansi wawili walioiandika kila mmoja kwa wakati wake, 1972 na 1974. Badala ya kukaza ukingo tu, inakadiria jinsi lenzi ilivyoutawanya mwanga na kujaribu kuurudisha ulikotoka. Darubini ya Hubble iliporushwa mwaka 1990 na kioo kikagundulika kina kasoro, wanaastronomia walitumia njia hiyo kusafisha picha zake hadi ilipokarabatiwa Desemba 1993. Kwa picha ambayo fokasi ilikosea kidogo sana, inafanya kazi nzuri kuliko "Unsharp Mask".

Hatua ya nne: noa unapotaka jicho litue

Hapa nahamia GIMP, ambayo pia ni ya bure. Nakili tabaka la picha (matabaka ni picha zilizopangwa moja juu ya nyingine), ili halisi libaki chini bila kuguswa. Kwenye nakala, fungua "Filters", kisha "Enhance", kisha kile chenye jina la "Unsharp Mask". Weka "Radius" 1.0, "Amount" 0.6, "Threshold" ibaki chini kabisa.

Kabla ya kuendelea, badilisha namna tabaka linavyochanganyika: kwenye orodha ya juu ya matabaka, toa "Normal" weka "Luminance". Maana yake unanoa mwanga tu, rangi haziguswi. Usipofanya hivi, ukingo wa njumu ya shaba juu ya mbao nyekundu unaweza kutoa kiwingu cha rangi ambayo haikuwepo.

Halafu bonyeza kulia kwenye tabaka, ongeza maski, yaani kinyago kinachoficha tabaka palipo peusi na kulionyesha palipo peupe, chagua iwe nyeusi. Kunoa kote kunapotea machoni. Chukua brashi laini, rangi nyeupe, "Opacity" (uzito wa rangi) asilimia 40, na upake pale tu unapotaka mtu atazame. Mimi nilipaka mfaa wote, safu mbili za njumu zilizo karibu na mzee, ushonaji wa kofia, na macho yake. Macho pitia mara mbili. Pua, mashavu na paji la uso usiguse.

Nitaeleza kwa nini nasisitiza ngozi. Miaka ya mwanzo wa kazi hii nilipiga picha za harusi moja mchana wa jua kali. Nikanoa kila picha kwa kipimo kimoja, nikavutiwa na jinsi maandishi ya kanga za mashangazi yalivyosomeka hata ukiwa mbali. Mama wa bibi harusi alipoletewa albamu akaniita pembeni. "Mwanangu," akasema, "hizi nukta usoni mwangu umezitoa wapi?" Kwenye ngozi nyeusi yenye jasho, kila tone linarudisha mwanga na kuwa doa dogo jeupe. Kunoa kulikuwa kumeyashika madoa yale mamia na kuyafanya yawe meupe zaidi, na pembeni ya kila moja kukatokea kidoa cheusi. Uso wa mama wa watu ulionekana kama umemwagiwa chumvi. Nilirudia albamu nzima kwa gharama yangu, na tangu siku ile sijanoa ngozi na kitambaa kwa mpigo mmoja. Kanga inoe upendavyo, pindo na maandishi vinapenda. Uso una utaratibu wake.

Ukimaliza kupaka, zima na uwashe tabaka mara kadhaa. Kama tofauti inakurukia machoni, imezidi. Punguza "Opacity" ya tabaka zima hadi mabadiliko yawe kitu unachokihisi zaidi ya unachokiona.

Hatua ya tano: badilisha ukubwa, kisha noa mara ya mwisho

Mpangilio huu usiugeuze. Ukipunguza picha ya pikseli 6000 hadi 1080 za kuweka Instagram, pikseli tano na nusu zinabanwa kuwa moja, na ukali ulioujenga unayeyuka. Kwa hiyo punguza kwanza, noa baadaye. Kwa skrini natumia "Radius" 0.5 na "Amount" 0.5 kwenye GIMP, sizidishi. Unachokiona kwenye skrini ndicho watakachokiona wengine, kwa hiyo hapa liamini jicho lako.

Kwa karatasi usiliamini. Wino unasambaa unapogusa karatasi, na karatasi isiyong'aa inaunyonya zaidi, hivyo ukali unapungua kati ya skrini na chapa. Picha ya kuchapwa lazima ionekane kwenye skrini imezidi kidogo, hata ikukere. A4 kwa pikseli 300 kwa inchi ni pikseli 2480 kwa 3508. Ipunguze picha hadi hapo. Kwa "Radius" kuna kanuni rahisi: gawanya pikseli za inchi kwa 200. Mia tatu kwa mia mbili ni 1.5. "Amount" anzia 0.7 kwa karatasi inayong'aa na 0.9 kwa isiyong'aa.

Halafu jaribu. Kata kipande cha picha chenye uso wa mzee na njumu mbili, kiweke mara tatu kwenye karatasi moja kwa vipimo vitatu tofauti, kichape, na ukitazame kwa umbali wa mkono, kwenye mwanga wa dirishani. Gharama ni ya karatasi moja ndogo. Wanaotumia Lightroom wana njia ya mkato: wakati wa kutoa faili, kwenye "Output Sharpening", chagua skrini, karatasi isiyong'aa au inayong'aa, na kiwango cha chini, cha kati au cha juu. Kiwango cha kati kinatosha mara nyingi.

Ukipeleka picha kuchapwa nje, muulize fundi kama mashine yake inanoa yenyewe. Zipo zinazofanya hivyo. Mimi niliwahi kupata bango lenye uzi mweupe kuuzunguka mlango mzima, kumbe tumenoa wote wawili, mimi na mashine.

Kama unafanya kazi kwa simu

Jua kwanza kwamba picha ya simu imeshanolewa kabla hujaiona. Simu inapiga, inaondoa chenga, inanoa, inakuletea. Ikuze sana uangalie ukingo wa paa dhidi ya anga; mara nyingi uzi mweupe upo tayari. Kwa hiyo gusa kidogo.

Snapseed ina kifaa cha "Details" chenye vitelezi viwili. "Sharpening" ndiyo kunoa tunakozungumzia. Usizidishe 15 au 20. "Structure" ni jambo lingine: inakuza tofauti za mwanga katika eneo pana, ndiyo inayofanya ukuta wa mawe na mawingu kusimama. Kwa mlango ni nzuri, kwa uso ni hatari kuliko kunoa, inazeesha mtu. Ukihitaji "Structure" kwenye mlango bila kumgusa mzee, itumie, kisha fungua historia ya mabadiliko na uipake kwa kidole mlangoni tu.

Zipo pia programu zinazodai kurudisha picha iliyofifia kwa akili bandia. Zinachora. Zinaweka kope ambazo hazikuwepo, na maandishi madogo ya ukutani yanaweza kugeuka herufi zisizosomeka katika lugha yoyote. Picha ya kumbukumbu ya mzee wako, ya hati, au ya ushahidi, usiipitishe huko. Uso utakaorudishiwa unaweza kuwa mzuri na usiwe wake.

Kuituma

Ukituma picha kwa WhatsApp kwa njia ya kawaida inabanwa, na kingo ulizozihangaikia ndizo za kwanza kupata vijichafu vya mraba mraba. Itume kama hati: gusa alama ya kuambatisha, chagua hati badala ya picha, kisha tafuta faili lako. Litafika lilivyo. Na lile faili la GIMP lenye matabaka yote lihifadhi kabla ya hatua ya tano, bila kulipunguza, kwa sababu mjukuu wa mzee akitaka picha hiyohiyo kwa A2 mwakani, utaanzia hapo, utaweka ukubwa mpya, na utarudia kunoa kwa mwisho peke yake.